Mstari Uliopanda na Kushuka

Tuliyemleta hapa leo kumzika ni dada yetu mkubwa, binti wa kwanza wa mpakia magunia wa kinu cha unga na wa mama muuza mikate. Mtaani mlimwita Mama Povu. Wapo waliomwita hivyo kwa mapenzi na wapo waliomwita kwa kejeli, naye aliwajua wote, mmoja mmoja. Maisha yake tunayasoma kama alivyoomba yasomwe.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu, mahali ambapo vumbi la unga lilitua juu ya kila kitu, hata juu ya maji ya kunywa. Tulizaliwa sita, wawili wakatangulia wakiwa wachanga. Kwa kuwa alikuwa mkubwa, kazi yake ilikuwa kulinda beseni la unga uliokandwa, usifurike. Alikuwa mlinzi mbaya. Kila mara alifunua kitambaa atazame unavyoumuka, ubaridi ukaingia, na mikate ikatoka migumu kama soli ya kiatu. Mama akamwambia, "Wewe mtoto, unga hauchungwi kama mbuzi. Hautakimbia." Akajibu, "Najua hautakimbia, mama. Nataka kujua nani anausukuma." Alipigwa kofi la mgongo. Mikate migumu haikuuzika, ikaliwa nyumbani, kwa hiyo wadogo zake tulimwombea aendelee kufunua kitambaa.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mtaa wa pili, akafaulu, akaenda sekondari ya bweni, akafaulu tena. Hapo baba aliwaita watoto wote wanne akawaambia kwamba nyumba ile ina uwezo wa kusomesha kichwa kimoja tu mpaka mwisho, na kichwa hicho kimeshajulikana. Wadogo zake watatu tuliishia shule ya msingi. Hakuna aliyeulizwa, na hakuna aliyelalamika kwa sauti. Dada aliijua gharama hiyo. Aliporudi likizo hakukaa kama mgeni. Alifua nguo za wote, na akishika kalamu alikaa nje ili tusimwone. Alihitimu chuo kikuu mwaka 1980, akisomea elimu ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Baba alipoulizwa na wenzake kinuni binti yake amesomea nini, alisema, "Amesomea hamira." Wakamcheka. Mmoja akamwambia, "Mke wangu anaijua hamira na hajui hata kusoma."

Mwaka 1981 aliajiriwa katika kiwanda cha hamira, upande wa maabara. Wengi wenu mmefanya kazi pale na hamhitaji kuambiwa kuhusu matangi ya chuma na harufu ya molasi ya miwa inayoganda kwenye nguo mpaka mtu akikaa karibu na wewe anajua unakotoka. Kazi ya dada ilikuwa kutunza mbegu, yaani ile hamira kidogo iliyo safi ambayo ndiyo mama wa hamira yote iliyouzwa. Aliitunza katika mtungi wa kioo, mkubwa kama ndoo. Juu yake palikuwa na pampu ndogo iliyodondosha maji ya sukari tone kwa tone, na kadiri yalivyoingia ndivyo mengine yalivyotoka kwa chini. Hewa ilipita ikitoa mapovu. Ndani ya mtungi palizamishwa kifaa cha kupima hewa iliyomo majini, na kifaa hicho kiliendesha kalamu, na kalamu ilichora mstari kwenye karatasi iliyokuwa ikijiviringisha yenyewe mchana kutwa.

Mstari ule ulitakiwa unyooke. Kwa muda mrefu ulinyooka. Kisha dada akajaribu kuipunguzia hamira sukari, ipate kidogo tu, isishibe, na baada ya siku kadhaa mstari ukaanza kupanda na kushuka. Ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, vilima vyote vya kimo kimoja, kama vimepimwa kwa rula. Akamwita fundi mitambo.

Fundi akaja na sanduku lake. Alibadilisha pampu. Alibadilisha nyaya. Alibadilisha hata kalamu. Vilima vikabaki vilevile. Mwishowe akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akasema, "Mashine yako ina wazimu."

Dada akamwambia, "Wazimu gani unaokuja kwa zamu?"

"Basi ni nini?"

"Ni wao. Wanavuta hewa kwa pamoja, halafu wanaacha kwa pamoja."

Fundi akautazama mtungi. "Wako wangapi humo?"

"Zaidi ya watu wote duniani."

"Na wanaelewana?" fundi akasema. "Sisi kwetu tuko saba na hatujawahi kukubaliana saa ya kula."

Dada alicheka, na hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Fundi akawa anakuja kuikagua mashine isiyo na tatizo. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1984. Rafiki wa bwana harusi aliwaambia wageni kwamba jamaa alikwenda kutengeneza mashine, akaharibika yeye. Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume, na kwa miaka kadhaa ile nyumba ilikuwa na furaha. Hilo liandikwe, maana lilikuwa kweli.

Lakini kiwandani mambo yalikuwa mengine. Kwa Meneja, mstari usionyooka ni ubovu, na ubovu hutengenezwa. Alimwambia dada mbele ya wenzake, "Sisi tunauza hamira. Hatuuzi milima." Dada akamletea majarida ya kisayansi kutoka chuo kikuu, akamwonyesha kwamba huko mbali wataalamu waliliona jambo hilo miaka mingi nyuma na hawakuita ubovu. Meneja akasema hayo ni ya vitabuni, si ya mtungi wetu. Dada aliyarudisha majarida. Siku hiyo alimwambia mdogo wake wa mwisho, "Sikukibuni mimi. Ni kitu cha kweli, ila hapa kwetu hakina ruhusa."

Huyo mdogo wake ni mshona viatu, na kibanda chake kilikuwa njiani kati ya kiwanda na nyumba ya dada. Dada alipita hapo karibu kila jioni, akakaa kwenye benchi la wateja, akavua viatu hata kama havikuwa na tatizo. Ndugu wawili hawa mmoja alisoma mpaka mwisho na mwingine hakusoma, lakini benchi halikuuliza vyeti. Siku moja alimwuliza, "Ukiona uwanja umejaa watu, na wote wanashusha pumzi kwa wakati mmoja, ungesemaje?"

"Ningesema wameambiwa."

"Na nani?"

"Na mkubwa wao."

"Hawana mkubwa."

Mdogo wake akafikiri, akapiga msumari, akafikiri tena. "Basi wanasikilizana."

"Hapo ndipo nilipo," dada akasema. "Kila mmoja anaachia kitu majini, jirani yake anakionja, ndivyo wanavyongojana. Nataka kukijua hicho kitu kwa hamira yetu hii. Na nimeona jambo lingine. Ukiwashibisha, kila mmoja anakula kivyake. Kungojana kunakwisha."

"Kama watu."

"Usiseme kama watu," akamwambia. "Watu ni wabaya zaidi."

Hicho ndicho alichokitaka maishani. Hakutaka cheo. Alitaka chumba kimoja, mtungi wake, na mtu mmoja wa kumsaidia, ili aendelee kuuliza swali lake. Baada ya kuomba miaka tisa, makao makuu yalikubali kutuma wakubwa waje waone mstari kwa macho yao. Wakiuona, chumba ni chake. Wasipouona, Meneja afanye anavyopenda. Ziara ilipangwa Juni 1993.

Mei mwaka huo dada alianguka kazini. Alikutwa na uvimbe tumboni, akapasuliwa. Akiwa kwenye machela alimwambia mumewe, "Iangalie." Hakusema zaidi, maana walikuwa wanamsukuma.

Pale kiwandani kulikuwa na amri, na wenzake mnaikumbuka: asiyehusika na mbegu akiigusa, kazi imekwisha. Mwezi uliotangulia mfagiaji mmoja alifukuzwa kwa kuacha mlango wa chumba hicho wazi. Fundi aliruhusiwa kugusa mota na nyaya tu. Kila siku aliingia akakagua mota, akautazama mtungi wa mkewe, na akaona maji yake ni mepesi, hamira ni haba, si kama ile nene ya kwenye matangi. Mtu wa kiwandani anajua hamira nzuri ni nzito. Mkewe alikuwa amelala hospitalini amekonda, na kitu alichomwachia nacho kinakonda. Akanyoosha mkono kwenye pampu ya sukari, akaizungusha ikatoa zaidi, kama mtu anavyomwongezea mgonjwa uji. Siku ya pili akaongeza tena. Hamira ikanenepa. Ikapata rangi nzuri. Na mstari ukanyooka.

Dada alirudi kazini nyuzi zikiwa bado hazijatolewa, kwa sababu wakubwa walikuwa wanakuja kesho yake. Alikuta karatasi ndefu yenye mstari ulionyooka kama meza. Akaitazama pampu na akaelewa, kwani hakuna mwingine aliyekuwa na ufunguo wa chumba kile ila fundi.

Wakubwa walifika asubuhi wakiwa na makoti meupe ya kuazimwa. Waliutazama mstari. Mmoja wao akauliza milima iko wapi. Dada akasema, "Imepotea. Nipeni wiki chache nitairudisha."

Meneja akasema, "Urudishe ubovu? Kitu kimepona, wewe unataka kiugue tena?" Wakubwa wakacheka kidogo, kwa adabu. Kisha Meneja akauliza, "Nani aligusa?"

Mume wake alikuwa amesimama karibu na mlango na sanduku lake. Watoto wao walikuwa shule ya msingi. Dada akasema, "Sijui."

Meneja akafurahi. Akamgeukia fundi, akamshika bega mbele ya watu wote. "Mimi najua. Ni huyu. Kwa miaka tisa tunaambiwa mashine haina tatizo, mkewe kulala kitandani tu, mzee ameitengeneza. Huyu ndiye fundi." Wakampigia makofi. Fundi alitazama sakafu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na pale, kutosema hapana kulitosha.

Kabla ya saa sita mchana mtungi ulikuwa umemwagwa kwenye mfereji. Waliokuwepo wanasema dada mwenyewe ndiye aliyeuosha, akaukausha kwa kitambaa safi, akaupeleka stoo. Chumba kiliwekwa maboksi. Mwezi uliofuata fundi alifanywa mkuu wa mafundi na akapewa cheti, ambacho kipo ukutani sebuleni na wengi wenu mmekisoma mkinywa chai. Dada alihamishiwa kwenye ufungashaji, kukagua kama paketi zimezibwa sawasawa. Alikagua paketi mpaka alipostaafu mwaka 2012.

Jioni ya siku ile ya ziara waliongea nyumbani, na maneno yenyewe dada aliyasimulia baadaye kwenye benchi la mshona viatu. Alimwuliza mumewe kwa nini aliongeza sukari. Akasema, "Niliona imekonda."

"Ilitakiwa iwe na njaa."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia," dada akakubali. "Lakini walipokupigia makofi, mbona hukusema?"

Naye akamjibu, "Na wewe ulipoulizwa, mbona hukusema?"

Dada hakuwa na jibu ambalo halikuwa na watoto ndani yake. Hawakurudia tena mazungumzo hayo. Tangu hapo walikuwa wema sana mmoja kwa mwenzake. Dada alimpigia pasi mashati ya ukuu wake wa ufundi, naye mume alimletea matunda kila mwisho wa wiki, wakaulizana habari za kazi kama majirani wanaoheshimiana. Wema ule ulikuwa mgumu kuutazama. Sisi ndugu tuliuita ndoa ya mfano. Tuliwatuma hata vijana wetu waliooa wakajifunze kwao. Mungu atusamehe upofu huo.

Na jina la Mama Povu lilizaliwa wakati huo. Si enzi za mtungi. Lilitoka kwa wale wa ufungashaji, waliosikia kwamba huyu ndiye yule msomi aliyeona milima kwenye povu. Walimwambia, "Mama Povu, leo paketi zako zinapumua?" Akajibu, "Zimezibwa. Kitu kilichozibwa hakipumui." Wakacheka, naye akaendelea kukagua.

Mwaka 2017 figo zake zilianza kushindwa. Alihudhuria hospitali bila kukosa, akikaa kwenye kiti kile kirefu cha kusafishwa damu, na mumewe alikaa naye kila mara akimshikia mkoba. Wauguzi walimpenda kwa sababu hakuwa msumbufu. Mwaka jana mwishoni mwili ulikataa. Alirudishwa nyumbani, kitanda kikawekwa sebuleni, chini ya kile cheti, kwa kuwa chumbani hewa ilikuwa nzito. Hakuna aliyekumbuka kukiondoa, na yeye hakuomba kiondolewe.

Hapo ndipo alipomwita mdogo wake mshona viatu akamwambia, "Wasifu wangu utaandika wewe."

Mdogo wake akamwambia kuna wajukuu wenye digrii. Akasema, "Hao wataandika vizuri. Wewe andika tu. Useme mashine haikuwa mbovu. Useme mbele ya watu wa kiwandani."

"Na Shemeji je?"

Aliinua macho kwenye kile cheti. "Nilinyamaza kwa ajili yake nikiwa hai," akasema. "Mnataka ninyamaze na huko niendako?"

Alifariki Jumanne, tarehe 5 Machi 2019, asubuhi, mwanawe wa kike akiwa amemshika mkono na mumewe akiwa jikoni anamchemshia maji.

Basi neno lake ni hili, na watu wa kiwandani mpo. Mashine haikuwa mbovu. Haikuwa mbovu siku ya kwanza, na haikutengenezwa na mtu yeyote. Hamira ile ilikuwa inavuta hewa kwa pamoja na kuacha kwa pamoja, bila mkubwa, kwa sababu ilikuwa na njaa kiasi na ilisikilizana. Mwanamke mmoja hapa kwetu aliliona hilo na akataka kulielewa, mkamwambia ni ubovu. Shada lenu tumelipokea na tunashukuru. Kadi iliyo juu yake inasema "mtumishi wetu mwaminifu wa idara ya ufungashaji." Ni kweli, alikuwa mwaminifu. Kuliko mnavyojua.

Juzi ndugu walikaa kuusikiliza wasifu huu kabla haujapelekwa kuchapwa. Mjomba wetu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, alitaka aya za mwaka 1993 ziondolewe zote. Alisema, "Msibani tunafukia. Hatufukui." Wengi walikubaliana naye. Mpwa wetu wa kiume alisema baba yake ni mzee na ana moyo mbovu, na ni nani atakayemwangalia kesho mtaani. Dada yake, binti wa marehemu, akamwambia, "Na mama nani alimwangalia?" Pakawa na makelele, na aliyeandika, ambaye si mtu wa makelele, alianza kuikunja karatasi.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kona muda wote. Aliomba karatasi. Akavaa miwani, akasoma mwenyewe kutoka juu mpaka chini, midomo ikitembea. Alipofika pale pa makofi alisimama kidogo, akasoma tena. Kisha akairudisha.

"Hujakosea kitu," akasema. "Ila si siku mbili tu. Niliongeza siku tatu."

Mjomba akamwambia, "Mkwe wangu, hulazimiki."

"Miaka yote nilingoja aniseme," Shemeji akasema. "Nikimletea matunda nasema leo atanisema. Akila ananishukuru." Akavua miwani. "Isomwe. Ila isomwe taratibu. Masikio yangu siku hizi hayasikii vizuri, na sitaki kumwuliza jirani nimesemwaje."

Kwa hiyo imesomwa taratibu.

Marehemu ameacha mume, ambaye yuko kiti cha mbele; watoto wawili na wenzi wao; wajukuu watano; wadogo zake watatu, ambao hawakusoma; na mjomba mmoja, ambaye hakupendezwa na maneno haya lakini amekaa mpaka mwisho.

Mungu ampumzishe dada yetu, na ampe chumba chake.